Mtu Anayevuka Chumba

Shuleni kwao, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hakuachiwa mitihani yake tu. Alitakiwa pia achague jambo moja asilolijua kabisa, ajifunze mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu, kisha mwisho wa muhula alioneshe mbele ya wazazi na wageni. Mpango huo uliitwa Mradi Huru, na walioubuni hawakuwahi kuufanya wao wenyewe, hilo sihitaji kuambiwa. Mmoja alichagua kufuga nyuki, akaja darasani uso umevimba hadi rafiki zake wakamtambua kwa sauti. Mwingine alichagua gitaa, majirani zake wakaanza kuulizia nyumba za kupanga mtaa wa pili. Chiriku alisema atajifunza kutengeneza gemu za kompyuta.

Hakuwa mpenzi wa gemu. Mwalimu wa kompyuta alipomuuliza sababu, alijibu, "Kompyuta ipo nyumbani." Mwalimu akangoja sababu ya pili, akaona haiji, akamwandika.

Chiriku ni jina alilobandikwa na baba yake tangu anaanza kusema, kwa kuwa alikuwa anaamka anaongea na analala anaongea, na katikati hapo anauliza maswali. Sasa jina lilikuwa limebaki peke yake, kama kibao kwenye duka lililofungwa. Baba yake alikuwa fundi rangi. Siku alipopatwa na kiharusi alikuwa juu ya kiunzi akipaka ukuta wa ghala, na wenzake walimshusha wakidhani ni jua. Chiriku aliitwa kutoka darasani, akapelekwa hospitali, akakaa kwenye benchi la korido akingoja uchungu umfike. Alijua utakuja, maana watu wote huwajia. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alilia kwa niaba ya ukoo mzima. Mama alilia chooni huku amefungulia bomba ili asisikike. Chiriku alipewa mkate na muuguzi, akaula wote, akakunja karatasi yake vizuri na kuitia kwenye pipa la taka.

Uchungu haukuja. Mwanzoni watu walimsifu kwamba ni jasiri, amejikaza. Naye akaamini kidogo. Baadaye alitambua kwamba ujasiri unahitaji kitu cha kupambana nacho, naye hakuwa na kitu. Alikuwa na ganzi tu. Chakula kilishibisha, muziki ulipiga kelele, wenzake walipocheka alitazama meno yao. Hakuwa na huzuni. Afadhali angekuwa nayo.

Baba alirudi nyumbani na upande wa kushoto uliokataa kutumwa. Mkono ulijikunja kifuani kama umebeba kitu. Mguu haukukunjika gotini. Ili usonge mbele ilibidi auzungushe kwa nje, autue, aukague kama umefika, ndipo ahame na mwili. Mtu ambaye alikuwa akipanda ngazi na ndoo mbili za rangi huku anapiga mluzi. Aliamuru mapazia yashushwe. Waliokuja kumjulia hali waliambiwa amelala, na kwa hesabu ya wageni wake baba huyo alikuwa analala kuliko mtoto mchanga.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," shangazi alimwambia siku moja, amesimama mlangoni na mkoba wake kwapani.

"Sijaficha maradhi, dada. Nimeficha mwendo."

Hapo hata shangazi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikaa akaomba maji.

Kulikuwa na dada wa mazoezi ya viungo aliyetumwa na hospitali. Alikuja, akapima, akamkunja baba na kumkunjua, kisha akawaita mama na Chiriku uani na kuwaambia wazi. Mguu usiotumika huzoea kutotumika. Akitembea sasa, atatembea. Akikaa mpaka mwaka uishe, atakaa moja kwa moja. Kila jioni avuke sebule kutoka kwenye kiti chake hadi dirishani, kisha wakizoea waanze kutoka nje. Mama alikuwa na zamu za jioni kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, kwa hiyo kazi ya kumsimamia baba ikamwangukia Chiriku.

Aliifanya kama alivyofanya kila kitu. Alisema, "Baba, muda umefika," akasogea nyuma hatua mbili, akatazama. Baba alinyanyuka, akavuta mguu hadi kwenye meza iliyokuwa katikati ya chumba, akaiegemea kwa mkono mzima, akatazama dirisha lenye pazia. Kisha akageuka.

"Kesho tutamalizia," alisema kila mara.

"Sawa, baba."

Wakarudi kitini. Kesho yake ikawa vilevile, na ya keshokutwa.

Huku nyuma mradi ulikuwa unasonga. Kompyuta ya nyumbani ilikuwa ya mjomba, iliyostaafishwa ofisini kwake kwa uzee, nayo ilikuwa inawaka kwa kunung'unika. Chiriku alitazama video za watu wanaofundisha gemu, akazirudia, akakosea, akafuta. Siku ya kwanza alifanikiwa kuweka kiboksi chekundu kwenye kioo cha kompyuta. Siku iliyofuata kiboksi kilisogea alipobonyeza kitufe. Siku nyingine alisahau kuipa sakafu ugumu, kiboksi kikaanguka kupitia sakafu kikaendelea kuanguka, na Chiriku akakaa akikitazama kikianguka mpaka chai ikapoa. Hakukasirika. Kazi hiyo ilimfaa kwa sababu haikumuuliza anajisikiaje. Ukikosea, mashine inakataa. Ukipatia, inakubali. Basi.

Mwalimu wa kompyuta hakuruhusiwa kumfundisha mtu katika Mradi Huru. Aliruhusiwa maswali matatu tu: Umejaribu nini? Umeona nini? Sasa utajaribu nini? Wanafunzi walimwita Umeona-Nini, na inasemekana hata mkewe alimwita hivyo wakigombana.

"Umeona nini?" aliuliza, ameinama nyuma ya kiti cha Chiriku.

"Kiboksi kinateleza kama sabuni. Nataka kiwe mtu, atembee."

"Sasa utajaribu nini?"

Alijaribu kuchora mtu anayetembea. Kutembea, kwenye mchoro, ni picha nyingi zinazofuatana, kila moja mguu umefika mahali pake, na wale wa kwenye video walichora vijana wanaoruka kama chemchemi. Chiriku hakuweza. Watu wa mitaani walipita haraka mno. Kabla hajashika mguu umefikia wapi, mtu ameshakata kona. Alihitaji mtu anayetembea polepole sana, kiasi kwamba kila kipande cha hatua kionekane peke yake.

Na nyumbani alikuwa naye.

Naomba msimhukumu haraka, ingawa mimi nilipoisikia habari hii mara ya kwanza nilimhukumu. Aliegemeza simu yake kwenye rafu, kando ya redio, kama iliyowekwa kwenye chaji. Akasema, "Baba, muda umefika." Akasogea nyuma hatua mbili. Simu ikamrekodi baba yake akinyanyuka, akizungusha mguu, akiutua, akiukagua, akiegemea meza, akigeuka. Yule mtu ambaye hakutaka hata jirani amwone. Chiriku aliyatazama hayo kwenye kompyuta, akaisimamisha video kila kipande, akachora juu yake mstari kwa mstari. Alisikiliza ndani yake kama kuna aibu. Hakukuwa na kitu. Akaendelea kuchora.

Gemu ikawa hivi. Kuna chumba kimoja. Kuna kiti, meza na dirisha lililo wazi, na nje mvua inanyesha na kuingia ndani. Mtu yuko kwenye kiti. Avuke chumba akafunge dirisha. Kitufe kimoja ni cha mguu wa kulia, kingine cha kushoto. Ukibonyeza wa kushoto kabla wa kulia haujatulia, anayumba. Ukivumilia, anakwenda. Chiriku aliweka simu kando ya kioo, akarekebisha kasi hadi mtu wa kwenye gemu na baba wa kwenye simu wakawa wanatua mguu kwa pamoja. Hapo alihisi kitu kidogo sana, kama mtu aliyefunga kifuniko kikakaa sawasawa. Kilipita upesi.

Umeona-Nini alicheza, akacheza tena. Hakuuliza swali hata moja kati ya yale matatu. Alisema tu, "Wazazi wako watakuja kwenye maonesho?"

"Mama."

Lakini barua za mwaliko zilipotoka, mama aliisoma yake kwa sauti mezani, na baba akasema kutoka kwenye kiti chake, "Nitakwenda."

Mama aliweka kijiko chini. Tangu atoke hospitali baba hakuwa amevuka kizingiti.

"Siku yake ya kwanza ya shule nilimpeleka mimi," baba alisema. "Akilia njia nzima na kuongea njia nzima. Ya mwisho nitaiona."

Chiriku aliona jambo zima likija, kama unavyoona glasi iliyo ukingoni mwa meza. Baba atakaa mbele ya kompyuta. Atamwona yule mtu. Na shule nzima itakuwa imesimama nyuma yake.

"Si lazima, baba," alisema. "Kuna watu wengi. Utachoka."

Baba alimtazama. Uso wake siku hizi ulicheka upande mmoja tu, na kuumia upande mmoja tu, na sasa uliumia.

"Nitakaa nyuma," alisema. "Hawatajua ni baba yako."

Hapo ndipo pa kusema. Angesema: sikuonei haya wewe, baba, nimefanya jambo bila idhini yako. Maneno yenyewe alikuwa nayo. Lakini maneno yanahitaji kusukumwa na kitu, na ndani yake hakukuwa na cha kuyasukuma. Akakusanya sahani akaenda kuosha.

Mama alimfuata jikoni, bado ananuka wanga wa mashuka.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu akitoka mara moja akachekwa, hatoki tena. Namjua. Mguu utakwisha na yeye atakwisha. Sasa kama kuna lolote huko shuleni la kumvunja moyo, niambie leo nimzuie."

"Hakuna," Chiriku alisema.

Alidanganya bila jasho. Kisha akaketi kwenye kompyuta ya mjomba na kumvisha yule mtu kofia. Akambadilisha shati. Akampa ndevu. Akabonyeza vitufe, na mzee mwenye kofia na ndevu akatembea chumbani kwa mwendo wa baba yake, hata paka angemtambua. Angeweza kufuta gemu yote aseme mashine imeharibika. Aliliwaza hilo kwa dakika chache, jinsi mtu anavyowaza kuamka. Akamvua kofia na ndevu, akamrudishia shati lake, akazima.

Maonesho yalifanywa Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi. Kila mwanafunzi alipewa meza. Mfuga nyuki alikuwa na mzinga mtupu na chupa za asali. Wa gitaa alikatazwa kupiga zaidi ya wimbo mmoja. Wenye kazi za kompyuta waliwekewa mashine mpya za shule, nyembamba, zinazowaka kabla hujatoa kidole kwenye kitufe. Chiriku aliingiza gemu yake, akaona chumba kimetokea, kiti, meza, dirisha, mvua. Alipotaka kuijaribu, akaitwa kwenda kubeba viti. Kosa hilo hulifanya kila anayeanza kazi hii, hata waliozeeka nayo: kilichokubali nyumbani, huamini kitakubali kila mahali.

Alirudi na kuona ukumbi umegeuza shingo. Baba alikuwa ameingia.

Alikuwa amevaa koti la harusi. Mama alikuwa upande mmoja, shangazi upande wa pili na mkoba wake, naye amewakataza wote wawili wasimshike. Alizungusha mguu, akautua, akaukagua, akahama. Watoto wadogo walimtazama bila kificho, wakubwa walimtazama kwa kujificha, na njia kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya Chiriku ikawa ndefu kuliko ilivyokuwa wakati anabeba viti. Baba hakukaa nyuma. Shangazi hakumpa nafasi hiyo. Alikuwa ameshaanza kupangua watu kwa mkoba.

"Haya, mpisheni mwenye mtoto. Kiti kiko wapi? Ndiyo hii kazi yenyewe? Mbona chumba tu?"

Baba akaketi. Foleni ikajipanga nyuma yake. Umeona-Nini alisogea karibu, akasimama mikono nyuma.

"Nibonyeze wapi, mama?" baba aliuliza. Alikuwa anamwita binti yake hivyo akiwa na furaha.

"Hiki ni mguu wa kulia. Hiki wa kushoto."

Baba akabonyeza.

Yule mtu alifyatuka kutoka kwenye kiti. Hakutembea, alikata chumba kama panya aliyefunguliwa mlango, miguu ikawa haionekani, akagonga meza, akageuka, akakimbilia kwenye kiti chake. Baba akabonyeza tena. Mtu akaenda na kurudi kabla kidole hakijanyanyuka. Nyuma yake mtoto mmoja aliangua kicheko, kisha wa pili, kisha foleni nzima, na wa gitaa akacheka kuliko wote.

"Haraka haraka haina baraka," shangazi alisema, naye anacheka. "Huyu babu anafukuzwa na nani?"

Chiriku alielewa papo hapo. Alikuwa ameiambia mashine: kila unapokichora chumba upya, msogeze mtu kidogo. Kompyuta ya mjomba ilichora kwa kusuasua, ndiyo maana mtu alikwenda polepole. Hii mpya ilikichora chumba mara nyingi mno kwa muda uleule, na kila ilipochora ilimsogeza. Mwendo wote aliouhangaikia haukuwa wa mtu. Ulikuwa wa uzee wa mashine.

Alielewa, na hakuhisi chochote. Alimtazama mama, ambaye mkono ulikuwa mdomoni.

Baba peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye kioo. Alibonyeza mara moja tu, akamwangalia mtu akipita mbio, mkono wa kushoto umekunjwa kifuani. Akatazama shati. Kisha akatazama mkono wake mwenyewe ndani ya koti.

"Huyu ni mimi," alisema.

Kicheko kilikufa kwa mafungu, wa mbele kwanza.

"Ndiyo, baba."

"Ulinichora lini?"

"Jioni. Ukifanya mazoezi. Nilirekodi kwa simu." Sauti yake ilitoka sawasawa, kama anayesoma tangazo. "Sikukuomba."

Mama akasema, "Chiriku," akaishia hapo. Umeona-Nini alikohoa, akawaambia watu wa foleni waende kwanza kuonja asali, lakini hakuna aliyekwenda. Baba alikuwa bado ameinama.

"Sasa mbona nakimbia?"

"Nimekosea. Mashine hii ina kasi, ile ya nyumbani haina. Nilipaswa nikwambie utembee kwa kufuata saa, mimi nikakwambia utembee kwa kufuata mashine."

"Kwa hiyo nyumbani sikimbii."

"Nyumbani unatembea kama unavyotembea."

Wengi pale, na mimi ningekuwa mmoja wao, wangetegemea mgonjwa afurahi kujiona anakimbia. Shangazi alilisema hasa. "Mwache akimbie, jamani. Si ndoto ya kila mtu?"

Baba aligeuka, polepole, na kumtazama dada yake, kisha binti yake.

"Nirekebishe," alisema. "Hizo mbio si zangu. Hatua zangu nimezitolea jasho, moja moja. Nirudishie."

Chiriku alivuta kiti cha pili. Hakuwahi kuandika watu wakimtazama. Alifungua maandishi ya gemu, akatafuta mstari wa mwendo, akamwambia mtu atazame saa. Akakosea, mtu akaganda. Akaangalia tena, akahamisha neno moja, akaondoa mabano yaliyozidi. Baba alikaa kando yake, akinuka sabuni na koti la kabatini. Hakuna aliyeondoka kwenye foleni.

"Jaribu," Chiriku alisema.

Baba akabonyeza kitufe cha kulia. Mtu akanyanyuka. Akabonyeza cha kushoto. Mguu ukazunguka kwa nje, ukatua. Akangoja. Hakuhitaji kuambiwa angoje kiasi gani. Wote waliokuwa nyuma walikuwa wamemwona akiingia ukumbini, na sasa waliuona mwendo uleule kwenye kioo, na hakuna aliyeona cha kuchekesha. Kulia. Kushoto. Mtoto mmoja alianza kunong'ona, "Sasa kulia," mama yake akamfinya.

Mtu akafika kwenye meza, akaegemea. Baba alimwacha apumzike, kisha akabonyeza kulia. Mtu akageuka. Baba akabonyeza tena. Mtu akaanza kurudi kwenye kiti.

"Hapana. Nataka aende dirishani." Akabonyeza kwa nguvu. "Mbona anarudi?"

"Ndivyo unavyofanya," Chiriku alisema.

Lilitoka kabla hajalipima. Hakulisema kwa hasira wala kwa dhihaka, aliulizwa, akajibu. Ukumbi wote ulilisikia. Mama alifumba macho. Kwenye kioo mtu alikuwa anaendelea kurudi, bila mtu yeyote kumbonyeza, na mvua ikaingia dirishani, na akafika kwenye kiti akaketi.

"Huku mbele kuna nini?" baba aliuliza. "Akipita meza."

"Hakuna kitu. Sijakichora. Nilichora nilichokiona."

Baba alimtazama yule aliyeketi. Upande mzima wa uso wake ulikuwa umekaza, na ule mwingine umetulia tu, kama wa mtu asiyehusika. Kisha akaweka mkono wa kulia juu ya meza na kujisukuma akasimama. Mama akapiga hatua. "Niache," baba alisema, si kwa ukali. Aligeuka, si kuelekea mlangoni alikoingilia, bali upande wa pili, ambako ukumbi ulikuwa umeishia kwenye madirisha makubwa yanayotazama kiwanja. Kati yake na madirisha kulikuwa na meza ya asali, meza ya gitaa, na sakafu iliyopigwa nta mpaka inang'aa.

Akazungusha mguu. Akautua. Hakuukagua.

Watu walimpisha. Chiriku alisimama akamfuata, hatua mbili nyuma, kama jioni zote. Baba alifika kwenye meza ya asali, akaiegemea, chupa zikagongana. Alikuwa anahema. Huyu sasa atageuka, Chiriku alifikiri, na akajikuta ameshasogea kando ili ampishe njia ya kurudi.

Baba hakuitumia njia hiyo. Aliachia meza. Mbele yake hakukuwa na kitu cha kushika, sakafu tupu tu na mwanga wa madirisha, na mguu wake ulipotua uliteleza kidogo kwenye ile nta, bega likayumba.

Moyo wa Chiriku ukapiga kwa nguvu hadi akausikia masikioni. Aliogopa. Aliogopa asianguke mbele ya watu, aliogopa asivunjike, aliogopa kwamba baba angeweza kufa siku ile kwenye kiunzi, na yeye angekula mkate wake vilevile akakunja karatasi. Hofu ilimwingia yote kwa mara moja, akanyoosha mikono mbele bila kumgusa, kama mtu anayefundisha mtoto kutembea, na akawa anaongea, haachi, "Taratibu baba, hapo hapo, ngoja utulie, sasa wa kulia, usiangalie chini, niko hapa baba, nisamehe, niko hapa nyuma yako," machozi yanamdondoka kidevuni na hana mkono wa kuyafuta, na baba mbele yake akizungusha mguu kwenda mahali ambapo yeye hakuwa amepachora.